Ulimi Uliolala

Kazini walimwita Bwana Ulimi. Alikuwa mwonjaji wa chai katika ghala moja kubwa, na kila asubuhi alipita kwenye meza ndefu iliyopangwa vikombe vyeupe, akichota kijiko, akivuta kwa mlio uliowachekesha wageni, akizungusha mdomoni na kutema kwenye ndoo. Kisha alikuwa akisema, "Hii ilichumwa mvua ikinyesha." Au, "Hii imelala karibu na magunia ya vitunguu." Watu wakienda kuuliza, wanakuta ni kweli tupu. Hata yeye mwenyewe hakuwahi kulizoea jambo hilo. Kipande cha nyama kisichozidi kidole kinajua mvua ilinyesha! Mungu ana kazi zake.

Basi Bwana Ulimi alikuwa na kitambi, kitambi kikaleta presha, na presha ikaleta amri ya daktari: punguza uzito. Mkewe akalivalia njuga. Chumvi ikafukuzwa jikoni, mafuta yakafuata, na kila jioni ikawa supu ya kabichi. Naye bwana, kwa kuwa hapendi kushindwa, akazidisha chumvi isiyokuwepo: mchana kazini akaacha nyama, mayai, maharage, kila kitu, akawa anakunywa maji na kutazama wenzake wakitafuna. Mwanzoni njaa ilimtesa vibaya. Halafu siku moja ikanyamaza kabisa.

"Nimeishinda," akajisifu.

Maskini, hakuwa ameshinda chochote. Asubuhi moja alivuta kijiko cha kwanza, akapata maji ya moto. Cha pili, maji ya moto. Akaenda meza nzima mpaka mwisho, na vikombe vyote vilikuwa vimemnunia.

Aliogopa, lakini hakumwambia mtu. Akabuni ujanja: kumtazama mwenzake wa meza, mzee mwenye nyusi nene. Nyusi zikipanda, chai ni nzuri. Zikikutana, ni mbovu. Mwonjaji hodari akawa anaonja nyusi za watu. Nyumbani nako, mkewe akiuliza supu ikoje, alijibu haraka, "Tamu, mke wangu. Niongeze." Maana angesema haina ladha, yangezuka maswali, na maswali yangefika kwenye ulimi.

Mwishowe alirudi kwa daktari peke yake. Daktari akampima damu, akatikisa kichwa.

"Mwili umeishiwa madini ya zinki. Ulimi hujijenga upya kila mara, na bila zinki haujengeki vizuri."

"Yaani ulimi wangu una njaa?"

"Ndiyo. Na ndiyo maana hata hamu ya kula imekukimbia. Nani alikwambia kupunguza uzito ni kufunga mdomo? Rudisha mayai na maharage mchana. Na hivi vidonge, kimoja kwa siku. Usivimeze vingi kwa papara, utajiumiza."

"Utaamka lini?"

"Subira, bwana."

Kila asubuhi alikiweka kidonge kiganjani na kukitazama. Kazi yake, jina lake, mvua zote alizowahi kuzitambua, vyote vilikuwa vinategemea kitu kidogo kuliko punje ya mahindi. Mkewe alipoiona chupa alimwambia ni vitamini za watu wa dayati, na mama wa watu akaridhika.

Ndipo mzee wa nyusi akatangaza likizo kuanzia Jumatatu, siku ambayo shehena kubwa ya chai ingeonjwa. Meneja hakujali. "Wewe peke yako unatutosha," akamwambia Bwana Ulimi. Naye akaapa moyoni: Jumapili jioni ikifika ulimi bado umelala, ataenda kusema ukweli na kuiacha meza.

Jumapili jioni mkewe akaweka mabakuli mawili ya supu, wakaketi. Bwana Ulimi akachota kijiko, akakivuta kwa mlio kama yuko kazini. Kitu kikamgusa pembeni mwa ulimi. Akatulia tuli, hata kupumua akasahau. Kabichi iliyochemshwa hadi ikakata tamaa. Sufuria iliyoshika kidogo chini. Na nyuma kabisa, uchungu mwembamba.

"Kitunguu saumu kimeanza kuota!" akapiga kelele, machozi yakimtiririka. "Mama wee! Supu hii mbaya! Mbaya kabisa!"

Mkewe akaweka kijiko chini. Bwana akamsimulia yote, akicheka na kulia, tangu vikombe hadi nyusi. Mkewe hakucheka.

"Kwa hiyo ladha yake hukuwa unaisikia?"

"Hata chembe!"

"Mimi naisikia tangu siku ya kwanza. Naisukuma kwa maji ili nisikuache ule peke yako. Halafu nakuona unamaliza, unasema tamu, unaomba nyingine. Nikawa najiuliza, hivi huyu mwanamume ananipenda kiasi hiki?" Akasimama, akakusanya mabakuli. "Kumbe ulimi tu."

Bwana Ulimi akamtazama. Kwa miaka mingi alikuwa amestaajabia ulimi wake mwenyewe, na kumbe hapo mezani alikuwa ameketi mtu mwenye ulimi mzima, aliyemeza ubaya ule kila jioni kwa ajili yake, kimya.

"Rudisha bakuli langu," akasema.

Akala polepole, bila maji, kila kijiko akikizungusha mdomoni: kabichi, sufuria, kitunguu saumu na uchungu wake. Mkewe alisimama akimtazama mpaka alipokwangua chini.

"Ikoje?"

"Mbaya," akasema, akimnyooshea bakuli. "Niongeze."