Kona ya Obadia

Merle Tackett aliendesha mkahawa pekee uliobaki kwenye barabara kongwe ya Jangwa la Mojave. Kila aliyeingia kunywa kahawa alisimuliwa, apende asipende, habari za Obadia, baba wa babu yake, aliyeongoza magari ya ng'ombe jangwani na kufungua njia ambayo baadaye ilitiwa lami. Tangu barabara kuu mpya ipite bondeni, wasikilizaji waliadimika, kwa hiyo wachache waliofika walisikiliza kwa niaba ya wote.

Miaka mingi aliwasumbua maafisa wa jimbo, mwishowe wakachoka, wakakubali kuweka jiwe lenye jina la Obadia penye ile kona kubwa inayozunguka vilima bila sababu ya maana.

Siku ya sherehe Merle alivaa gauni refu la mtindo wa kale, jasho likimtiririka. Baada ya hotuba, afisa wa jimbo, kijana mwenye adabu kupita kiasi, akaona si vizuri wenyeji wa asili wakae kimya. Akamwita Delfina Ochoa, wa kabila la Wachemehuevi, wenyeji wa jangwa hilo, jirani wa Merle aliyekunywa kahawa kwake kila asubuhi.

"Tuambie, mama, wazee wenu waliwakumbukaje waanzilishi hawa?"

"Sema tu, shoga," Merle akamnong'oneza. "Lakini fupisha."

Delfina akasimama. "Bibi yangu alikuwa binti mdogo. Wazee walimpa Obadia jina, Anayerudi. Njia yetu ilikuwa kule bondeni, imenyooka, mnakoona malori yakipita sasa. Yeye akasema hafuati njia ya washenzi. Akavizunguka vilima hivi, akatokea palepale. Akazunguka tena. Wazee walikaa juu wakicheka, mpaka wakasikia watoto wa msafara wake wakilia kiu. Hapo wakashuka, wakawanywesha, wakawafikisha mtoni. Baadaye wapima barabara walipoona alama za magurudumu zilivyochimbika hapa, walisema hii ndiyo njia iliyopitiwa na wengi."

Watu wakaangua kicheko. Afisa alicheka, akakumbuka cheo chake, akakohoa.

Merle alimfuata Delfina kwenye gari. "Miaka yote unakunywa kahawa yangu, unanisikiliza, kumbe unajua!"

"Ulikuwa ukisimulia vizuri. Na hukuniuliza hata siku moja."

"Usikanyage kwangu tena!"

"Haya. Basi nikanywe wapi, na mkahawa ni huo mmoja?"

Gazeti likaichapa hadithi, na watu wakaanza kuiacha barabara kuu ili waizunguke kona ya mtu aliyepotea. Wa kwanza alipouliza, Merle alifoka, "Hakupotea! Alikuwa akipeleleza!" Wageni wakacheka, wakaondoka bila kuagiza kitu. Jumamosi iliyofuata mkahawa ulijaa, na pai za tufaha zilikuwa zimepoa kabatini. Baba mmoja akauliza ni kweli mzee alizunguka mara mbili.

Merle akazitazama pai. "Tatu," akasema.

Kufikia kiangazi mara hizo zilikuwa saba, na ng'ombe walikuwa wamegoma kwa aibu. Kusema kweli, Merle alianza kumpenda huyu Obadia aliyepotea. Yule shujaa wa zamani, asiyekosea, alikuwa amemchosha kuliko alivyowachosha wateja.

Ila kahawa ya asubuhi, akiwa peke yake, haikunyweka. Siku moja akavuka barabara akiwa na birika, akagonga kwa Delfina.

"Nasikia ni mara saba siku hizi," Delfina akasema mlangoni. "Bibi alisema mbili."

"Nyamaza wewe, ni babu yangu, si wako. Leta vikombe."

Walikaa kibarazani. Merle akamimina kahawa.

"Wale watoto," akasema. "Bibi yako aliwaona kwa macho yake?"

"Yeye ndiye aliyebeba kibuyu. Mmoja alikuwa kivulana kinene. Bibi alimshikia kibuyu anywe, kivulana kikamng'ata kidole. Kovu aliondoka nalo duniani."

Merle akaweka kikombe chini. "Huyo ni Tobias. Huyo ndiye babu aliyenilea."

"Una hakika?"

"Aling'ata watu mpaka uzeeni, Delfina. Hata daktari."

Delfina akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akamwuliza Merle kama hizo pai siku hizi ni za wageni peke yao.