Hao Tumeshawahesabu

Kwa miaka mingi mwalimu alifundisha darasa la saba, wanafunzi waliomzidi kimo na waliouliza maswali ya kumtoa jasho. Muhula huu mkuu wa shule akamhamishia darasa la kwanza. "Wewe una subira," alimwambia. Mwalimu aliitikia kwa adabu, lakini alipofika nyumbani alimlalamikia mumewe kwamba wamemtupa kwa watoto wa kufungwa kamba za viatu.

Mumewe, fundi seremala, alicheka mpaka akaiweka randa chini. "Kujumlisha tu, mke wangu! Mbili na mbili. Utamaliza kabla ya mapumziko."

Wiki ikapita, hakumaliza. Watoto waliimba moja hadi ishirini kama kasuku, lakini ukiwauliza nne jumlisha tatu, kila mmoja alitaja namba aliyoipenda. Neno lenyewe "jumlisha" liliwatisha. Wakilisikia tu, macho yote yanakwenda darini. Alichora vijiti ubaoni, wakavisifu kwamba ni vizuri. Alimwaga vizibo vya soda mezani, vikaishia midomoni na mifukoni. Akaona anatwanga maji kwenye kinu.

Asubuhi moja aliingia darasani na chaki tu mkononi. "Leo tunahesabu watu," alisema, na watoto wakakaa wima. Aliwaita wanne mbele ya ubao. Mvulana mmoja akapita akiwagusa vichwa: moja, mbili, tatu, nne. Mwalimu akawaita wengine watatu. "Wanne na watatu. Wote wako wangapi?"

Mvulana akarudi mwanzo, akagusa kichwa cha kwanza. Moja, mbili... Alipofika kwa wa tano, mmoja akapiga chafya, mstari mzima ukacheka, hesabu ikapotelea hapo. Msichana aliyemfuata naye akaanza na moja, akamruka mwenzake mmoja katikati. Wa tatu akajihesabu na yeye mwenyewe.

"Haya, Malkia. Zamu yako."

Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu ukimtuma maji atakuuliza kama yule aliyekaa karibu na ndoo hana miguu. Hakuwa mtundu. Alikuwa mvivu tu, tena mvivu wa kutulia, kidevu juu ya dawati tangu kengele ya kwanza.

"Nije mpaka huko?" aliuliza.

"Njoo uwahesabu wenzako."

Malkia aliutazama ule mstari kama mtu aliyeambiwa auhamishe mlima. Kisha akasema, kidevu palepale, "Mwalimu, si hao wanne tumeshawahesabu?"

"Ndiyo."

"Kuna aliyetoka?"

"Hakuna."

"Sasa tunawasumbulia nini tena? Nne wapo." Akawanyooshea kidole wale watatu, kivivuvivu. "Tano. Sita. Saba. Basi."

Mwalimu aliganda na chaki mkononi. Wiki nzima alikuwa akitafuta mlango wa kuwapitishia watoto hawa, kumbe mtoto aliyelala juu ya dawati ndiye aliyekalia ufunguo!

"Hebu rudia," alisema.

"Nirudie tena?" Malkia akaguna. "Saba."

"Amedanganya!" akapinga yule mvulana wa kwanza. "Hakuanza na moja!" Wenzake wakamuunga mkono kwa kelele.

Mwalimu akageuka huku na huku, akaliona kabati la vitabu. Akawakusanya wale wanne, akawaficha nyuma ya kabati hilo.

"Mnawaona?"

"Hatuwaoni!"

"Wamepungua?"

Watoto wakatazamana.

"Nyie huko, mko wangapi?"

"Wanneee!" likajibu kabati.

Mwalimu akamwita yule mbishi ahesabu. Mvulana akataka kuchungulia, akazuiwa. Akaweka kiganja kwenye kabati, uso umekunjamana. "Nne," akasema kwa woga, kama anayeonja maji ya moto kwa ncha ya kidole. Akamgusa wa kwanza kati ya waliobaki mbele. "Tano?" Hakuna aliyemkatalia. "Sita. Saba. Saba! Mwalimu, ni saba! Na wengine sijawaona hata!"

Hapo darasa likalipuka. Kila mtu anataka kujificha, kila mtu anataka kuhesabu. Sita nyuma, wawili mbele: nane! Watano nyuma, wanne mbele: tisa! Waliotoka mafichoni walitoka na vumbi la kabati kwenye pua, wakadai warudishwe. Mwalimu alijikuta amevua viatu bila kujua saa ngapi, anaruka nao, anapiga makofi mpaka chaki inamwagika kama unga.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mwalimu jirani, wa darasa la pili, kalamu sikioni. "Jamani mwenzangu, huku kuna harusi?"

Kabla hajajibiwa, msichana mdogo kuliko wote alimshika mkono, akamburuta hadi kwenye mstari. "Nane wako nyuma. Tisa, kumi, na huyu kumi na moja!"

"Mimi ndiye kumi na moja?"

"Usitembee, utatuharibia!"

Mwalimu jirani akasimama kama nguzo, hakuthubutu hata kupepesa.

Mchana, bibi yake Malkia alikuwa getini akimsubiri mjukuu wake. Alipomwona mwalimu anakuja mbio, alishika kiuno.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Kafanya nini tena huyu?"

"Mama, mjukuu wako ni mvivu!"

"Nalijua hilo, mwanangu. Nimesema mpaka mdomo umeota sugu. Tusamehe."

"Hapana, mama, sishtaki, napongeza!" Maneno yakamtoka mwalimu yakikanyagana: wale wanne, lile kabati, nne wapo, tano, sita, saba. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, huku akimtazama mjukuu aliyekuwa ameukalia mkoba wake wa shule akingoja habari ziishe.

"Akili ni nywele," bibi akasema taratibu, "kila mtu ana zake." Kisha akaangua kicheko, akamshika mwalimu bega. "Babu yake alikuwa hivihivi. Alichimba kisima nyuma ya nyumba ili asiende mtoni!"

Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wenye chaki. Aliwatazama wakiondoka, bibi kabeba mkoba, mjukuu hakubeba kitu. Kisha akarudi darasani haraka kulivuta kabati mbali zaidi na ukuta, maana kesho alitaka wajifiche kumi, na pale nyuma wasingeenea.