Upande wa Bawaba

Baba yangu, Ervin Noske, aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitatu, na katika maisha yake yote ametufundisha somo moja tu la fizikia. Somo lenyewe ni neno moja, na hulitoa kwa kupiga kelele: "Bawabani!"

Maana yake ni kwamba ukitaka kuvuka geti la shamba bila kulifungua, panda upande wenye bawaba, usipande upande wa mnyororo. Hapa Mallee, nyanda kavu za ngano na kondoo kusini mwa Australia, mtu anajua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mgeni akipanda upande wa mnyororo, wenyeji hawamwambii kitu. Wanatazamana tu, na kuanzia siku hiyo hawamwazimi hata nyundo.

Mimi nafundisha fizikia shule ya Karrabee, huu mwaka wa ishirini na sita, na sijapata mfano ulio bora kuliko huo. Kitabu tulichopewa kina picha ya winchi ya bandarini. Bandari! Wanafunzi wangu wakiona maji yamekusanyika mahali pamoja wanadhani bomba limepasuka. Basi nawaambia wafunge kitabu, wachore geti la mita nne. Mtu wa kilo themanini ana uzito wa nyutoni mia nane. Akipanda kwenye ncha, zidisha mia nane kwa nne: torki, yaani ile nguvu ya kuzungusha kitu kwenye egemeo lake, ni nyutoni-mita elfu tatu na mia mbili, zote zinavuta bawaba zing'oke. Akipanda sentimita ishirini kutoka kwenye bawaba, ni mia na sitini. Mtu ni yuleyule na makalio ni yaleyale. Darasa linacheka nikitaja makalio, halafu linaandika.

Mdogo wangu Darryl naye anafundisha torki, ila yeye anaifundisha chuo kikuu kule Adelaide, kwa wahandisi wa mwaka wa kwanza mia mbili kwa mpigo. Ni daktari wa mambo hayo. Anaamini aliyajifunza vitabuni.

Tangu Mama afariki, Baba anaishi peke yake shambani na kondoo wake na mbwa mmoja mzee anayeitwa Otto. Mwaka jana aliteleza kwenye banda la kunyolea kondoo akavunja nyonga, na bega la kulia halijakaa sawa tena. Kuanzia hapo Darryl akaanza kuleta vijitabu vya nyumba ya wazee ya Murray Bridge, vile vyenye picha za bibi na babu wanaocheka mbele ya keki. Baba alivitumia kuwashia moto. Darryl akaleta vingine.

Jumamosi ya Pasaka alikuja na wazo la kisayansi. Tulikuwa jikoni, tunakula mkate na soseji, na sosi ya nyanya imemwagika mezani kama kawaida ya nyumba hiyo.

"Baba, mimi sitaki tugombane," Darryl alisema. "Nataka tupime. Huku uko peke yako, simu haishiki, jirani yuko kilomita tisa. Pikapu ikipata pancha, unaweza kubadilisha gurudumu mwenyewe?"

"Nimebadilisha magurudumu tangu baba yako hajazaliwa."

"Baba yangu ni wewe."

"Ndiyo maana najua."

"Sawa. Basi badilisha leo, mbele yetu, bila msaada. Ukiweza, nakuacha mwaka mzima, sitaleta kijitabu hata kimoja. Ukishindwa, unasaini fomu za Murray Bridge."

Nilimkanyaga Darryl chini ya meza, lakini nilikuwa nimechelewa. Baba alifuta mikono kwenye suruali akasema, "Lete fomu zako. Ziweke pale kwenye friji nizione."

Hapo nikaogopa, kwa sababu nilimjua mdogo wangu. Darryl haweki mtihani ambao hajaukokotolea jibu. Alikwenda bafuni akaleta mizani ya kupimia uzito, akaiweka mezani katikati ya vyombo.

"Kandamiza kwa mkono, Baba. Nguvu zako zote."

Baba alikandamiza. Mshale ukasimama kwenye ishirini. Akajaribu tena huku uso umemwiva, ukasimama kwenye ishirini na moja, ukarudi.

Darryl akachukua bahasha ya kadi ya Pasaka, akaandika nyuma yake. Kilo ishirini ni nyutoni mia mbili. Mpini wa spana ya magurudumu ni sentimita thelathini. Mia mbili mara sifuri nukta tatu ni sitini. Nati alikuwa ameshazikaza mwenyewe asubuhi kwa ile spana yake ya kupimia inayolia "tik" ukifika kipimo, zote nyutoni-mita mia na arobaini, kama kitabu cha gari kinavyotaka.

"Sitini kwa mia na arobaini," alisema kwa upole, sauti ile nadhani anaiweka akiba kwa wanafunzi waliofeli. "Na huruhusiwi kuisimamia spana kwa miguu, nyonga yako haitaki. Hesabu haina ubaya na mtu, Baba."

Baba aliishika ile bahasha akaisoma mstari kwa mstari. Niliumia. Nilitaka kuichana. Kisha akaniuliza mimi, "Noelene, hii thelathini ndiyo urefu wa mpini?"

"Ndiyo, Baba."

"Na hii mia mbili ni mimi?"

"Ni wewe."

"Hm," alisema, akatoka nje.

Tulimkuta kwenye pikapu ameshaweka mawe nyuma ya magurudumu. Akavisha spana kwenye nati ya kwanza, akaizungusha mpaka mpini ukalala sambamba na ardhi, ili atakapokandamiza kuelekea chini nguvu yote ifanye kazi, isipotee pembeni. Hapo mimi huwa natumia vipindi viwili vya darasa, na bado nusu yao wanakosa. Akakandamiza. Nati haikutikisika. Darryl akatazama viatu vyake, na lazima niseme ukweli, hakuonekana kufurahi.

Baba akaondoka akaenda ghalani. Akarudi anaburuta kipande cha bomba la ile pampu ya upepo iliyoanguka mwaka wa dhoruba. Akakivisha kwenye mpini wa spana mpaka kikakaa. Mpini wote sasa ulikuwa sentimita tisini.

"Baba, hilo bomba halikuwemo kwenye mapatano," Darryl alisema.

"Limo kwenye ghala."

Akakandamiza kwa mkono mmoja, ule mzima. Nati ikalia kama bata na kuachia. Mia mbili mara sifuri nukta tisa ni mia na themanini, sikuhitaji bahasha. Akaendelea na ya pili na ya tatu. Gari likiwa bado chini, maana hajawahi kuwa mjinga wa kupiga jeki kwanza, alizilegeza zote, ndipo akapandisha jeki taratibu huku akipiga mluzi wimbo wa kanisani. Ilipofika zamu ya kuinua gurudumu jipya nilidhani hapo ndipo tumekwama, kwa sababu bega halinyanyui. Akalisogeza gurudumu kwa kulibingirisha, akaingiza sepetu chini yake, akasukuma tofali chini ya sepetu, akabonyeza ncha ya mpini. Gurudumu likapanda lenyewe mpaka kwenye skrubu zake.

Dakika thelathini na nne. Akamrudishia Darryl ile bahasha.

"Umeandika vizuri, daktari. Ila umesahau kwamba mtu akiwa hana nguvu huongeza mpini."

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye udongo. Darryl alikuwa mwekundu hadi masikioni. Alisema anakwenda kumpigia mkewe simu, na sisi shambani simu hushika mahali pamoja tu, kwenye kilima chenye tangi la kuhifadhia ngano, ng'ambo ya geti la kondoo madume. Mnyororo wa geti hilo umefungwa kwa waya tangu enzi za Mama. Mtu hupanda tu.

Alikwenda kwa hasira, kilo mia na nne za mdogo wangu ndani ya viatu vya mjini. Akapanda upande wa mnyororo.

"Bawabani!" Baba alipiga kelele, sauti iliyomfanya hata Otto alale chini. "Darryl! Bawabani!"

Nguzo iliyobeba bawaba ilikuwa imeoza tangu zamani, ikivumilia kwa heshima tu. Nyutoni elfu moja na arobaini mara mita nne: elfu nne mia moja na sitini. Bawaba ya juu ikang'oka na kipande cha nguzo, geti likajipinda na kulala, na daktari wa torki akalala juu yake kama shati lililoanikwa. Kondoo madume kumi na saba wakampitia juu mmoja mmoja, wakielekea kwenye bustani ya marehemu Mama.

Mchana wote tuliwakimbiza. Baba alisimama katikati ya uwanja akituelekeza kwa fimbo, na sijamwona na furaha kiasi hicho tangu mazishi. Jioni Darryl alizitoa fomu kwenye friji akazitia kwenye begi lake. Kabla hajaondoka alinivuta kando, upande wa pili wa gari.

"Dada, nimekubali. Mwaka mzima. Lakini wewe uko karibu. Ukiona chochote, chochote kile, utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Niahidi."

"Nimeahidi, bwana. Nenda, unanuka kondoo."

Baba na jirani Pfitzner walisimamisha nguzo mpya ya chuma, wakatundika geti upya. Mimi shuleni nikapata swali la mtihani: mhandisi wa kilo mia na nne, geti la mita nne, tafuta torki. Darasa zima lilipata, na mmoja akaongeza chini ya jibu, "Namwonea huruma mhandisi." Nikampa alama ya ziada. Kila nilipomsimulia mtu kisa hiki ofisini nilikimalizia palepale, kwenye kondoo wanaopita juu ya daktari, na watu wakashika mbavu. Ningependa kukimalizia hapo hata leo.

Ilikuwa Jumapili moja ya Agosti. Kila Jumapili baada ya ibada huwa naendesha kutoka Karrabee, nakula na Baba, kisha tunatembea pamoja hadi kwenye tangi la ngano kumpigia Darryl. Siku hiyo Baba alikuwa amenyoa ndevu na amevaa fulana safi. Njiani alikuwa ananieleza habari za mvua, kwamba milimita kumi na mbili zimenyesha Alhamisi na ngano imeshikilia vizuri. Kila alichosema kilikuwa sawa. Hata tarehe zilikuwa sawa.

Tukafika kwenye geti. Baba, akiendelea kuongea, alishika mnyororo, akaweka mguu kwenye bomba la chini, akapanda.

Upande wa mnyororo.

Nilisimama. Nilifungua mdomo nilitamke lile neno nililolelewa nalo, kisha nikaufunga. Geti lilishuka kidogo, likalalamika, likamvumilia. Ni mwepesi siku hizi. Alivusha mguu taratibu kwa ajili ya nyonga, akashuka ng'ambo, akapangusa mikono. Hakutazama bawaba. Hakutazama chochote. Ningependa kusema alikuwa amechoka au jua lilikuwa machoni mwake, lakini kulikuwa na mawingu.

"Mbona umesimama?" aliniuliza. "Njoo bwana, mdogo wako anasubiri."

Mtu ambaye bega lake limekufa huvisha bomba kwenye spana. Hili nililiwaza nimeshika chuma cha baridi: tulipima mkono wake kwa mizani ya bafuni, tukaandika kwenye bahasha, tukashangilia. Hatukupima pengine popote, wala kichwani.

Sikuweza kumwambia. Sikuweza kumwona akigeuka, atazame geti, aelewe alichofanya. Na sikuweza pia kwenda upande wa bawaba mbele yake, kwa sababu angeona na angelinganisha. Basi nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa miaka hamsini na moja. Nilishika mnyororo nikapanda palepale alipopanda yeye, kilo zangu sabini na nane, mita nne kutoka kwenye bawaba.

Nilikuwa sijafika hata katikati.

"Bawabani!" Otto akalala chini. Baba alikuwa amenikodolea macho kwa hasira ya kweli, fimbo imeinuliwa. "Noelene! Unataka kuning'olea geti langu jipya? Nani kakufundisha kupanda hivyo? Na wewe ni mwalimu!"

"Samahani, Baba," nilisema.

Nikashuka, nikazunguka, nikapanda upande wa bawaba. Alinisubiri akitikisa kichwa, na tulipokuwa tunapanda kilima alikuwa bado ananung'unika kwamba watoto wake wote wawili wamesoma mpaka wameharibika.

Darryl alipokea kwenye mlio wa kwanza. Baba alikuwa amekaa kwenye jiwe hatua tatu kutoka kwangu, anamkuna Otto masikio.

"Vipi, dada? Baba yukoje? Umeona chochote?"

Nilimtazama Baba. Aliniinulia kidole, bado amekasirika.

"Amenigombeza sasa hivi," nilisema. "Nimepanda geti upande wa mnyororo."

Darryl alicheka kwa sauti kubwa, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi yuko sawa kabisa," alisema.

Nikamwambia ndiyo, nikampa Baba simu.