Mahali pa Mbegu

Meza ya ukaguzi ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili, nje ya kibanda cha bati, katika kiwanja kidogo cha ndege upande wa Karatu. Valeriani alikuwa amezamisha mkono ndani ya kibuyu cha mwanamke wa Kimaasai. Vidole vyake viligusa kitambaa kilicholowa, kisha kioo. Chupa. Nyingi, ndogo ndogo, baridi.

Angeweza kuutoa mkono na kusema ni maziwa tu. Nyuma yake Naftali, mkuu wa ukaguzi, alikuwa akichokonoa meno, na Naftali hakuwahi kusogelea kibuyu cha Mmaasai kwa kuwa harufu yake ilimchefua. Jambo lingekwisha pale pale. Lakini mwaka ule wa themanini na tatu msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umepamba moto, na Thomasi, aliyekuwa mkaguzi mwenzake, alikuwa amefukuzwa kazi kwa kuachia furushi la vitenge lipite. Valeriani alikuwa na watoto, na shamba lake kule Oldeani lilikuwa kipande cha mteremko ambacho kila mvua ilikimega.

"Kuna chupa," alisema.

Mwanamke aliitwa Nosim, mtu wa Piyaya, upande wa Loliondo. Ndege ya misheni ilikuwa imempa lifti kutoka Moshi, yeye na binti yake Nareyu, ambaye alikuwa amekaa chini ameegemea pipa, mwembamba, kimya, kama mtu aliyezoea watu wazima kumzungumzia mbele yake. Kwa Kiswahili alichookota wodini, Nosim alieleza kwamba binti ana ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi lazima achomwe sindano, na siku sindano ikikosekana mtoto hana maisha. Kwa kuwa Piyaya ni mbali, daktari amempa dawa ya kutosha mpaka masika yapite. Alifungua kikopo akaonyesha bomba la sindano la kioo. Alitoa cheti cha daktari, na Naftali akakitazama upande wa nyuma, ambao haukuwa na kitu.

"Sukari," alisema Naftali. "Taifa zima halijaona sukari tangu Krismasi. Ninyi huko porini mnaugua sukari."

Watu waliokuwapo walicheka. Valeriani naye alicheka, na hakuna aliyekuwa amemlazimisha.

"Mama, chupa moja ni ugonjwa," Naftali aliendelea. "Kibuyu kizima ni biashara."

Alimwachia hiyo moja. Kisha sauti yake ikalainika, ikawa ya mtu anayetoa msaada. Alimweleza kwamba mambo haya ya ulanguzi hupelekwa mbali, watu hufungwa, ila yeye ana huruma. Kondoo dume mwenye mkia wa haja angeweza kulimaliza jambo hili hapa hapa. Nosim hakulia wala hakubishana. Aliulizia tu lori la kumfikisha kwao akamlete kondoo. Kibuyu chake kilipomwagwa maji na kurudishwa kitupu, alimgeukia Valeriani, si Naftali.

"Baba, isikae jua," alisema. "Daktari alisema, isikae jua."

Maneno hayo Valeriani aliyashika. Stoo ya kiwanja ilikuwa ya bati tupu, mchana haikaliki, na kila kilichoingia humo hakikutoka kwa mlango uliojulikana: sabuni, betri, khanga, vyote vilikuwa na jamaa mjini. Jioni ile alimwomba Naftali amruhusu azitunze zile chupa nyumbani kwake, darini. Naftali alicheka akasema achukue, dawa ya sukari nani ataitaka, mradi kondoo akija chupa ziwepo.

Kwa watu wa kwao, kitu cha thamani kina mahali pake. Mbegu ya mahindi, ile ambayo mtu hawezi kuila hata njaa ikimtoa machozi, hufungwa mashada na kutundikwa darini juu ya jiko. Pale kuna giza. Moshi hufukuza dumuzi, panya hawafiki, unyevu haufiki, mwizi hajui. Babu yake aliweka mbegu pale, baba yake pia. Mkewe Cresensia alishika kibatari, na Valeriani akapanda akazifunga chupa ndani ya kipande cha gunia, akazitundika katikati ya mashada ya mahindi. Jua lisingezipata hata likiwaka mwaka mzima. Alishuka moyo ukiwa mwepesi, akaona kwamba uovu wa mchana ule ameufuta kidogo.

Kila jioni, uji ukichemka chini, alipanda kuzipapasa. Zilikuwepo zote, kavu, zina joto zuri kama mbegu zenyewe.

Mvua zilikata barabara, na wiki zikapita kabla Nosim hajarudi akimvuta kondoo kwa kamba. Alikuwa amemwacha Nareyu kwa bibi yake, na chupa yao moja ilikuwa inafika mwisho. Valeriani alimkabidhi gunia lililonuka moshi. Nosim alizigusa chupa moja baada ya nyingine, kisha akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaushikilia muda mrefu kuliko ilivyo kawaida. Kondoo alichinjwa siku ile ile. Naftali hakuwa mchoyo. Alimkatia Valeriani kipande cha mkia, na watoto walikula wakalamba vidole.

Siku chache baadaye Valeriani alimpeleka mtoto wake mdogo kuchanjwa kwenye zahanati ya Karatu. Walikuta kina mama wanarudishwa. Marsela, muuguzi, alikuwa mlangoni ana hasira ya mtu aliyekwisha kuchoka kuomba: mafuta ya taa yameisha tangu juzi, friji imezima, chanjo yote imeungua.

Valeriani alimuuliza chanjo itaunguaje bila moto. Marsela alimjibu kwamba joto tu linatosha. Ndipo akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za jirani, kama na dawa ya sukari ni hivyo hivyo.

"Hiyo ndiyo usiseme," alisema Marsela. "Ikikaa kwenye joto inakufa. Unaweza usiijue kwa macho, lakini ukimchoma mgonjwa ni sawa na kumchoma maji."

"Na huyo mgonjwa?"

"Awahishwe hospitali. Akiwahi, anapona."

Alimrudisha mtoto nyumbani, akatoka tena, akaenda moja kwa moja mahali yanapopakia malori ya Loliondo. Lori lilikuwepo, limejaa magunia na watu, na utingo alimuuliza kama anapanda. Valeriani alishika ubao wa nyuma. Hadi Piyaya, kurudi, siku ambazo hakuziombea ruhusa, Naftali angemfukuza. Na akifika aseme nini? Kwamba dawa aliyomsaidia Naftali kumnyang'anya ndiyo hiyo hiyo aliyoipika? Wamaasai wangemfanya nini? Alijiambia labda darini hapakuwa na joto sana. Alijiambia Marsela ana tabia ya kukuza mambo. Alimjibu utingo kwamba anamsubiri mtu. Lori lilipoondoka alibaki amesimama, akijua kabisa kwamba hakuwa anamsubiri mtu yeyote.

Tangu siku hiyo alikula akiwa amekaa nje. Cresensia alimuuliza moshi umeanza lini kumkera, naye akasingizia macho.

Nosim alikuja tena vumbi lilipoanza. Valeriani alimwona tangu mbali na hakuhitaji kuambiwa: kichwa kimenyolewa, masikio matupu, shingo haina hata ushanga mmoja, kama mama aliyefiwa. Mkononi alikuwa na kile kibuyu.

"Yeyo," alisema Valeriani, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Nilimchoma kila asubuhi," alisema Nosim. "Sikuruka hata siku moja. Dawa ilikuwepo, wewe uliitunza. Mungu amekataa."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Naftali alikuwa amekuja akasimama mlangoni mwa kibanda, mikono mfukoni, na mdomo wa Valeriani ukafungika. Nosim alizibua kibuyu, akamimina maziwa kwenye kifuniko, akampa kwa mikono miwili. Alisema amekuja Karatu kuuza ngozi, na kwao mtu aliyekutendea wema hapitwi hivi hivi.

Alikunywa. Maziwa yalikuwa mazito, na yalikuwa na ladha ya moshi, kwa sababu wanawake wa Kimaasai husafisha vibuyu vyao kwa kijinga cha moto. Aliyamaliza yote huku Nosim akimwangalia kwa upole ambao ulimuumiza kuliko kofi. Kisha mwanamke alifunika kibuyu chake akaondoka kuelekea barabarani.

"Umeona?" alisema Naftali. "Watu wa porini, lakini shukrani wanaijua."

Alasiri ilitua ndege nyingine. Mzee mmoja wa Enguserosambu alishuka akiwa amekumbatia kiboksi, akieleza mambo ya daktari na ya mkewe anayeumwa. Naftali alikitikisa sikioni. Kioo kiligongana ndani. Alimwambia mzee mambo haya hupelekwa mbali, watu hufungwa, kisha akamuuliza kwao wanafuga nini.

"Shika," alimwambia Valeriani, akimnyooshea kiboksi. "Kaweke kule kwako darini. Kule hakipotei kitu."

Mzee alimtazama Valeriani kwa matumaini. Valeriani alinyoosha mikono akakipokea. Kilikuwa bado baridi.