Kabati la Bwana Kahawa

"Tazama! Tazama mgongo wa kanzu yangu!" Mume wangu Omary aliitandaza kanzu mezani, juu ya chai yangu. "Hii ni kanzu au chapati?"

"Chapati huliwa," nilimjibu. "Itoe kwenye chai yangu."

"Mama Muhidini, sicheki. Kabati lile la kukaushia linaondoka leo. Rafiki yangu Rugemalira anakuja kulichukua kwa lori adhuhuri."

"Jana nepi zilitoka mbichi. Leo kanzu imeungua. Kitu kinachounguza kanzu kinashindwaje kukausha nepi?"

"Zahoro ameshakwambia. Kipimajoto cha kabati kimekufa, na kipya lazima kitoke Ulaya kwa meli. Mpaka kifike, masika yamekwisha."

"Zahoro ni fundi baiskeli."

"Na wewe ni fundi wa nini?"

Muhidini alianza kulia chumbani. Nilikwenda kumbadilisha, na mlango niliubamiza kwa makusudi. Makalio ya mtoto yalikuwa mekundu tena. Katika masika ya Bukoba nguo hukaa kambani mpaka zinaota ukungu, kwa hiyo sisi watu wa Miembeni tulizikausha juu ya moto jikoni. Lazima mtu akae azigeuzegeuze na kuvuta moshi. Mama yake Omary, Bi Sada, kifua chake hakikuweza moshi. Basi mtu huyo alikuwa mimi, mwenye cheti cha ualimu kutoka chuoni, na shule ya wasichana kule Kitendaguro haikuwa na mwalimu wa maarifa ya nyumbani.

Ndiyo maana, Mwingereza mmoja wa idara ya kahawa, tuliyemwita Bwana Kahawa, alipouza vyombo vyake arudi kwao, nilimng'ang'ania Omary tununue kabati lake la kukaushia nguo. Lilikuwa kabati la bati, refu kama mlango. Chini lilikuwa na waya unaowashwa na umeme ukawa mwekundu, juu lilikuwa na fito za kutundikia nguo. Tulikubaliana hivi: kabati likikausha nepi, Bi Sada atakaa na mtoto na mimi nitarudi kufundisha. Mwalimu mkuu alikuwa amekubali kunipokea. Somo langu la kwanza lilikuwa mchana wa siku hiyo hiyo. Nisipotokea, nafasi ingekwenda kwa mwalimu kutoka Mwanza.

Nilirudi sebuleni na mtoto begani. "Rugemalira analitakia nini kabati?"

"Kukaushia dagaa wa Goziba."

"Kisiwani Goziba kuna umeme?"

Omary alikohoa. "Atang'oa waya. Atawasha kuni chini."

"Kabati langu lifukize dagaa!"

"Mimi nimeshampa neno langu."

"Na mimi ulinipa neno lako kabla yake. Mpaka lori lifike, kabati ni langu. Shika mwanao."

Nilianza kukagua umeme, kwa sababu Omary alikuwa akiulaumu tangu Jumapili. Niliwasha taa ya sebuleni nikaitazama kwa muda. Haikuyumba. Nikawasha kabati. Waya wa chini ukawa mwekundu kwa urefu wake wote. Basi umeme mzima, waya mzima.

Kulikuwa na kipimajoto kirefu cha kupikia jamu ambacho shule ilinipa nijiandae nacho. Nilikining'iniza ndani, juu karibu na fito, kifuniko cha tundu la hewa nikakisogeza ili niweze kusoma kipimajoto bila kufungua mlango. Kitufe cha joto cha kabati nikakizungusha mpaka katikati, penye alama ya joto la nepi.

"Sasa unapika jamu?" Omary aliuliza. Mtoto alikuwa akimvuta kofia.

"Nyamaza nisikie."

Joto lilipanda. Likafika penye alama ileile niliyoweka. Kabati lilipaswa kulia *tik* na kuzima waya. Halikulia. Joto likapita alama, likapanda mpaka bati likaanza kunuka, na hapo ndipo *tik*, waya ukazima. Nikangoja. Joto lilishuka, likarudi penye alama, likapita chini yake. Waya haukuwaka. Niliposhika bati lilikuwa limepoa kabisa, kisha *tik*, waya ukaanza kuwa mwekundu.

"Umeona?" Omary alisema. "Kimekufa."

"Kingekufa kisingelia. Kinalia, ila kinachelewa. Kinachelewa kuzima, kanzu inaungua. Kinachelewa kuwaka, nepi zinabaki mbichi. Ugonjwa ni mmoja."

Nilichomoa waya wa umeme ukutani, nikangoja bati lipoe, nikachukua kisu cha jikoni nikafungua parafujo za sahani yenye matundu kule juu. Nyuma yake kulikuwa na kipimajoto cha mashine: kidole cha shaba chenye maji ndani. Maji yakipata moto hutanuka na kusukuma swichi. Hivyo tu. Lakini shaba sikuiona. Niliona kitu cheusi, kinene, chenye manyoya kama panya aliyelowa. Nilikigusa, kidole changu kikanata. Nikanusa.

Udi.

"Mama!" niliita.

Bi Sada alitokea mlangoni, kanga begani. "Nini tena?"

"Mama, chetezo chako unakiweka wapi siku hizi?"

"Humo ndani ya kabati. Niweke wapi kwingine? Lina mlango, moshi haupotei, haunifiki kifuani. Nguo za mtoto zinapata harufu nzuri."

"Kila siku?"

"Kila siku! Sasa mjukuu wangu atoke nje ananuka bati? Wanawake wa Miembeni watasema nini? Watasema mtoto hana bibi!"

Omary alianza kucheka, akaangalia kanzu yake, akaacha.

"Mama, tazama hapa." Nilimwonyesha kidole changu cheusi. "Sukari na ubani vimeganda juu ya shaba, na nyuzi za nepi zimenasa humo. Ni kama umekifunika blanketi. Joto linabisha hodi, chenyewe kimelala."

Bi Sada alikinusa. "Kwa hiyo kanzu niliiunguza mimi?"

"Kabati liliiunguza. Wewe ulilifunika macho. Tenga lako la kufukizia liko wapi?"

"Darini. Nilidhani limestaafu."

"Lishuke. Kabati likaushe kwanza, nguo zikitoka uzitandaze kwenye tenga barazani, penye upepo, ufukize upendavyo. Ila kabatini chetezo hakiingii tena."

"Na wewe umeshakuwa mkali kama unafundisha," alisema, lakini alikwenda kuleta ngazi.

Nilichukua spiriti ya kuwashia jiko la mafuta na kitambaa, nikasugua mpaka shaba ikang'aa. Niliacha spiriti ikauke na harufu yake iishe, nikarudisha sahani na parafujo, nikachomeka. Joto likapanda. Penye alama, *tik*. Likashuka kidogo tu, *tik* tena. Omary alisogeza sikio kwenye bati kama daktari.

"Tundika nepi," nilimwambia. Alizitundika mwenyewe, mtoto mkononi.

Zilikuwa zimekauka, nyeupe na vuguvugu, lori lilipopiga honi nje. Rugemalira aliingia akikung'uta mvua. "Shumalamu, waitu!" alitusalimu Kihaya. "Nimetoka Muleba kwenye tope mpaka magotini. Kabati liko wapi?"

Omary alinitazama, akamtazama yeye. Niliendelea kukunja nepi. Neno lilikuwa lake, alitoe mwenyewe.

"Ndugu yangu, nisamehe," alisema mwishowe. "Haliendi. Limepona."

"Mawe!" alimaka kwa Kihaya. "Na dagaa wangu?"

"Dagaa hawavai nepi. Kaa ule ebitoke, ndizi zimeiva jikoni, kisha nikupeleke kwa seremala akutengenezee kabati la mbao. Umbali huo wote nimekutaabisha mimi."

Rugemalira alimtazama mtoto, akatazama nepi, akaketi. "Ebitoke na nini?"

Nilimvika Muhidini nepi iliyotoka kabatini, nikampa Bi Sada, ambaye alikwisha kutandaza tenga barazani. Nikavaa buibui, nikachukua kipimajoto cha jamu, kwa sababu kilikuwa cha shule, nikashika njia ya Kitendaguro.