Damu ya Biyun

Biyun, mwalimu mstaafu wa hesabu mjini Kaohsiung, alikuwa na mwaka wa sita akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, maana figo zake zilikuwa zimekufa. Mdogo wake Kuncheng, mkulima wa mapera, akajitolea kumpa figo yake moja. Lakini maabara ilipojaribu, damu ya dada iliziua chembe za kinga za mdogo. Wakarudia, jibu likawa lile lile. Upasuaji ukafutwa.

Biyun hakuamini. Watu wa tumbo moja? Siku ya kufagia makaburi ya wazazi, jamaa wote wakiwa mezani, akamtolea uvivu.

"Kuncheng, si ungesema tu unaogopa kisu! Umempa daktari nini aseme hatufanani?"

Shangazi yao akashusha vijiti vyake vya kulia. Kuncheng alimtazama dada yake, akamshika mkewe mkono, wakaondoka bila kuonja supu.

Miezi minane hawakusemezana. Ndipo daktari mpya, Liao, alipoijaribu damu ya Biyun dhidi ya chembe zake mwenyewe. Nazo zikafa.

"Mwalimu, una kingamwili zinazozishambulia chembe zako mwenyewe za kinga," akamwambia. "Huwapata baadhi ya wanaosafishwa damu. Hizi zako hazidhuru figo, ila zinadanganya kipimo. Tumeziondoa kwenye sampuli, tukapima upya na chembe za mdogo wako tulizohifadhi. Mnafaana kabisa."

"Basi yeye hakuwa na kosa?"

"Kosa gani tena, Mwalimu?"

Uso ukamwaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake akaenda shambani. Kuncheng alikuwa akivisha mapera mifuko yasiliwe na wadudu.

"Dada, umekula?" akauliza, bila kugeuka.

Biyun akamweleza yote, macho yakiwa chini. Mdogo akasikiliza mpaka mwisho.

"Pombe sijagusa tangu siku ile niliyojitolea," akasema. "Nilijisemea, labda wataniita tena. Figo ni yako. Lakini yale maneno uliyasema mbele za watu."

Biyun akaelewa. Mwaka mpya, jamaa walipokusanyika, alisimama.

"Nilimsingizia Kuncheng. Mbaya ilikuwa damu yangu, na mdomo wangu."

Shangazi akamwekea Kuncheng kipande kinono cha samaki, kisha akamwekea Biyun kidogo.

Figo ilipandikizwa majira ya kuchipua, ikafanya kazi siku hiyo hiyo. Wauguzi wakampongeza. Biyun akajifunika shuka usoni, akalia.