Bawa la Juu Likae Wapi

Dada mtu, fundi cherehani, alirudi nyuma hatua chache, akainamisha kichwa upande huu, kisha upande ule. Alidhani macho yake yamechoka. Ndege ya mbao, ya mabawa mawili mawili, moja juu ya jingine, ilisimama katikati ya karakana, imekaa kombo kama mtu aliyekosea kufunga vifungo vya shati. Kushoto, bawa la juu lilitangulia mbele ya la chini. Kulia, la juu lilibaki nyuma.

Lakini angetarajia nini kwa ndugu zake hawa? Tangu baba yao azikwe, Kaka Mkubwa na Kitindamimba walikuwa hawasemeshani. Kila mmoja alishikilia kwamba baba alimwachia karakana yeye, na mwenzake ni mwongo wa kutupwa. Ila kazi hii ya kuchongea makumbusho mfano wa ndege ya zamani baba aliipokea akiwa hai, ikabidi imalizwe. Wakatundika pazia katikati, mmoja akachonga mabawa ya kushoto, mwingine ya kulia, na dada akawa wa kupeleka maneno huku na huko. Picha ya kufuata ilikuwa moja, nayo ilipigwa kutoka mbele kabisa, ndege imekutolea macho. Kwa picha ya namna hiyo hujui bawa lipi limetangulia.

Leo pazia limeshushwa, na kesho wenye ndege yao wanakuja kuichukua.

"Muulize mdogo wako," alisema Kaka Mkubwa, na mdogo mwenyewe yuko palepale, anajipangusa vumbi la mbao shingoni, "nani kamfundisha kurudisha bawa nyuma."

"Mwambie kaka ni baba."

"Mwambie asimsingizie marehemu. Baba alinieleza mimi, kwa mdomo wake, la juu litangulie."

Dada alifungua mdomo apeleke, akaufunga. Alikuwa amechoka nao, amechoka hasa.

"Semezaneni wenyewe," alisema, akaketi kwenye meza ya randa.

Kaka Mkubwa alisogeza maranda kwa mguu, akayarudisha yalipokuwa, kisha akauliza bila kumtazama mtu, "Alikwambia lini?"

"Wiki ile ya mwisho, hospitalini," alijibu Kitindamimba. "Alinionyesha kwa viganja. Cha juu nyuma."

Kaka Mkubwa aliinua viganja vyake, akavipanga kimoja juu ya kingine, cha juu mbele.

"Mimi alinionyesha hivi. Wiki hiyohiyo."

Wakabaki wameinua mikono, kila mmoja anatazama ya mwenzake. Hakuna aliyeelewa, halafu wote wakaanza kuelewa, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Na karakana alikuachia lini?" aliuliza Kaka Mkubwa.

"Siku ileile."

"Hata mimi."

Kitindamimba aliketi chini, kwenye maranda. "Kumbe hukudanganya," alisema.

Hasira aliyoilea Kaka Mkubwa muda wote huo haikuwa na pa kwenda, na ilimuuma kuliko alipokuwa na wa kumkasirikia. Akamgeukia dada yake.

"Na wewe? Alikwambia nini?"

Dada hakuwahi kumwambia mtu. Baba alikuwa mtu wa utani, naye binti siku ile aliyachukulia maneno yake kuwa utani, akacheka mpaka geti la hospitali.

"Aliniuliza mimi ni binti wa nani," alisema.